Hesabu ya Zamu Tunayo, Kuiandika Ndiko Kumetushinda

Kuna somo ambalo wenzetu wa uchumi hulisoma huku wakiliogopa. Kwa Kifaransa huitwa "programmation linéaire", na ndugu yake ni "ordonnancement", yaani kupanga kazi ipi itangulie na ipi ifuate kwenye mashine. Sisi wa lugha tukilisikia tunacheka na kupita. Mimi naona linatuhusu sana, na sehemu ya hofu ile ni deni letu.

Nianzie kwetu Lubondja, katika teritori ya Fizi. Muhogo ukishalowekwa na kuanikwa hupelekwa mashineni kusagwa. Mashine inakunywa mazutu, mazutu yanatoka mbali, na barabara ikiharibika bei inapanda. Kwa hiyo dakika ya mashine ina thamani, na dakika ya mama anayengoja vilevile, maana nyumbani bado hajawasha moto.

Tuseme wamefika watatu. Wa kwanza ana gunia la kusagwa dakika 40, wa pili ana ndoo ya dakika 15, wa tatu ana beseni la dakika 5. Wakifuata jinsi walivyofika, wataondoka dakika ya 40, ya 55 na ya 60. Jumla ya kungoja kwao ni dakika 155. Wakianza na beseni, kisha ndoo, kisha gunia, wataondoka dakika ya 5, ya 20 na ya 60. Jumla ni 85. Mashine imezimwa saa ileile, mazutu ni yaleyale, mwenye gunia amechelewa dakika 20 tu, na wenzake wawili kwa pamoja wameokoa 90. Kanuni hii, kwamba kazi fupi itangulie ukitaka kupunguza kungoja kwa wote, aliithibitisha W. E. Smith katika makala ya mwaka 1956. Lakini hata asiyesoma makala hayo utamsikia akimwambia mwenye gunia: "Mama, unisaidie nipite, wangu ni kidogo tu." Sentensi hiyo ndiyo kanuni yenyewe, na imetolewa kwa heshima kuliko makala. Ina hata jambo ambalo hesabu haina: inaomba. Inakubali kwamba aliyefika kwanza ana haki yake, na kwamba haki hiyo haichukuliwi bila ridhaa yake.

Sasa weka mashine mbili, moja ya kukoboa mahindi na nyingine ya kusaga. Mzigo wa kwanza unakobolewa dakika 30 na kusagwa 10. Wa pili unakobolewa dakika 5 na kusagwa 25. Ukianza na wa kwanza, mashine ya kusaga inakaa bure nusu saa nzima, na kazi inaisha dakika ya 65. Ukianza na wa pili, inaisha dakika ya 45. Dawa yake aliitoa S. M. Johnson mwaka 1954, na kwa Kiswahili inatosha kusema hivi: Tafuta muda mfupi kuliko yote. Ukiwa ni wa mashine ya kwanza, kazi hiyo itangulie. Ukiwa ni wa mashine ya pili, kazi hiyo iwekwe mwisho. Iondoe kwenye orodha, kisha rudia kwa zilizobaki, ukijaza kutoka mbele na kutoka nyuma mpaka zikutane katikati.

Hakuna neno hata moja hapo la kutafutwa kwenye kamusi. Mbona basi kijana wa Fizi akifika chuo kikuu anaona kama ameletewa uchawi?

Nadhani tatizo linaanzia kwenye jina. Kijana akisikia "programmation" anafikiri kompyuta, na kama kwao hakuna hata umeme, ameshajitoa. Lakini neno hilo halikutoka kwenye kompyuta. George Dantzig, aliyebuni njia maarufu ya kutatua hesabu hizi mwaka 1947, alikuwa akifanya kazi na jeshi la anga la Marekani. Wanajeshi waliita "program" mipango yao ya mafunzo, ya ugavi na ya kupeleka vikosi. Mwaka 1948, wakitembea ufukweni Santa Monica, mwenzake Tjalling Koopmans ndiye aliyemshauri afupishe jina refu alilokuwa nalo liwe "linear programming". Kabla yao, mwaka 1939, Leonid Kantorovich wa Leningrad alikwisha kuandika hesabu ya namna hiyo baada ya kuulizwa na watu wa plaiwudi jinsi ya kugawa kazi kwa mashine zao. Wote hao walikuwa wanapanga tu. Tukitafsiri "programu ya mstari" tunatafsiri ganda na kuacha kiini.

Wengine watasema basi tuite "upangaji wa mstari". Hapo pana mtego ambao mwanafunzi wa lugha angepaswa kuuona kabla ya mwanahisabati. Mashineni, kupanga mstari ni kusimama mmoja nyuma ya mwenzake! Jina hilo lingechanganya somo la kwanza na la pili, na msomaji asingejua anafundishwa nini. Mimi ningependelea "upangaji wa mipaka", kwa sababu mipaka ndiyo roho ya somo: ardhi ina mpaka, siku zina mpaka, njaa nayo ina mpaka wake. Sing'ang'anii jina hilo. Atakayeleta zuri zaidi nitamfuata.

Ila jina si kitu kikubwa kama sentensi. Tazama hesabu hii, ambayo tarakimu zake nimezitunga. Mama ana miraba ya kulima; miraba yote isipite 10. Mraba wa muhogo unataka siku 2 za palizi, wa karanga siku 4, na siku zote zisipite 28. Muhogo usipungue miraba 4, maana watoto watakula nini? Muhogo unampa faranga elfu 30 kwa mraba, karanga elfu 50. Apande vipi apate nyingi iwezekanavyo? Anayekimbilia karanga kwa sababu ya bei atapanda muhogo 4 na karanga 5, apate elfu 370, na mraba mmoja ubaki majani. Akipanda muhogo 6 na karanga 4 anapata elfu 380, na ardhi na siku zimeisha pamoja.

Angalieni vitenzi. "Isipite 10" inakubali 10 yenyewe. "Usipungue 4" inakubali 4 yenyewe. Kifaransa kinahitaji "inférieur ou égal à", na ni lile "ou égal" ambalo wanafunzi hulisahau kwenye mtihani. Kiswahili kimeliweka ndani ya kitenzi kimoja cha kukanusha. Huku kwetu tunasema pia "inashinda 10", na hiyo haikubali 10 hata kidogo. Tofauti ambayo alama za hisabati huionyesha kwa kistari kidogo chini, sokoni tunaitamka kila siku.

Najua nitakavyojibiwa. Mtihani ni wa Kifaransa, kazi ni ya Kifaransa. Kweli. Sisemi Kifaransa kiondoke. Nasema mtu aelewe kwanza, kisha ajifunze kuitwaje kwa wakubwa. Jibu la pili ni zito zaidi: istilahi zikitungwa Dar es Salaam, kwa mtu wa Lubondja zinaweza kuwa ngeni kama za Paris. TUKI ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na bado sekondari za Tanzania zinafundisha masomo hayo kwa Kiingereza, pamoja na hesabu hizi hizi za mipaka katika kidato cha nne. Kamusi peke yake haikufungua mlango. Ndiyo maana siombi orodha ya maneno. Naomba maswali yenyewe, yameandikwa kwa sentensi za watu wanaopanga zamu na mashamba.

Somo la tafsiri la muhula ujao lingeweza kuchukua maswali 10 kutoka vitabu vya wenzetu wa uchumi. Tuyaandike kwa Kiswahili, tusiyafanyie mazoezi darasani tu, tumsomee mwenye mashine ya kusaga kwa sauti. Pale atakaposema "rudia, sijasikia vizuri", tuweke alama kwenye karatasi.