Masizi Yasisingiziwe, Wala Yasisamehewe

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu anayesimama mjini Nyeri na kuelekeza macho kaskazini-mashariki huona bure kile ambacho wageni hukilipia fedha nyingi, yaani Mlima Kenya, vilele vyake vikiwa wazi. Chini yake, kuanzia Othaya na Karatina hadi Naro Moru, moshi hufuka kutoka kwenye mapaa ya jikoni. Wazee wetu waliuita mlima huo Kirinyaga, na wapo wanaosema kuwa jina hilo lawafananisha weusi na weupe wake na manyoya ya mbuni dume. Siku hizi weupe unatoweka, na weusi ndio unaobaki.

Nimefundisha jiografia katika sehemu hizi kwa miaka mingi, na leo nataka kukiri kosa mbele ya walimu wenzangu. Hapo mwanzo niliwafunza vijana kwamba ongezeko la joto duniani ni dhambi ya viwanda vya Ulaya na Marekani, nasi hatumo kabisa. Baadaye niliposoma habari za masizi nikageuka kama kinyonga, nikawaambia kuwa moshi wa jikoni mwa shule yetu ndio unaoyeyusha barafu ya mlimani. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono. "Mwalimu, ikiwa ni hivyo, mbona barafu ilianza kupungua kabla shule hii haijajengwa?" Sikuwa na jibu. Kengele ndiyo iliyoniokoa.

Kijana yule alikuwa na haki. Mwingereza Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian mwaka 1899, mlima ulikuwa na mito ya barafu ipatayo 18. Mingi ya hiyo sasa imebaki jina tu katika ramani. Ule wa Lewis, uliochunguzwa kuliko yote, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Wataalamu wanatwambia kwamba tangu mwisho wa karne ya 19 hewa ya Afrika Mashariki ilizidi kuwa kavu, theluji na mawingu yakapungua, na barafu ikakosa chakula na kivuli. Kisha joto la dunia nzima likaongeza msumari juu ya kidonda. Kumtwika mama anayechochea kuni huko Mukurwe-ini mzigo wote huo ni dhuluma.

Lakini je, masizi yasamehewe? La hasha! Masizi huzaliwa pale moto unapokosa hewa ya kutosha kuunguza kuni, mafuta au makaa mpaka mwisho. Chembe zake ni ndogo mno, na ni nyeusi. Kila mwanafunzi aliyewahi kuvaa sweta jeusi juani anajua weusi hufanya nini: hunywa miale na kuigeuza kuwa joto. Chembe hizo zinapoelea angani huipasha joto hewa iliyo kandokando yake, huzuia sehemu ya mwanga isifike ardhini, na huweza kuyavuruga mawingu. Zikitua juu ya theluji, huitia doa, na theluji iliyokuwa ikiurudisha mwanga wa jua huanza kuufyonza na kuyeyuka upesi.

Hata hapa inafaa tuseme kweli yote. Moshi wa kuni hauna masizi peke yake. Umo pia ukungu wa chembe nyeupe ambazo hurudisha miale ya jua na kupoza kidogo, na ndiyo sababu wanasayansi wangali wakibishana juu ya kiasi cha joto kinacholetwa na meko ya kuni. Moshi mweusi wa malori na matatu za dizeli zinazopanda barabara ya Karatina una chembe chache za kuutetea.

Jambo moja halina ubishi, nalo ndilo kiini cha makala haya. Gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka leo itakaa angani kwa karne na karne. Masizi hukaa siku chache, wiki moja au mbili hivi, kisha mvua huyaosha. Maana yake ni kwamba tukiacha kuyatoa leo, anga letu litaanza kupata nafuu kabla mwezi haujaandama. Ni maovu mangapi ya dunia hii yenye toba ya haraka namna hiyo?

Fauka ya hayo, moshi haungoji kufika mlimani ndipo udhuru. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani. Katika sensa ya mwaka 2019, zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilikuwa zikipika kwa kuni. Nimewahi kuingia jikoni mwa shule saa kumi na moja alfajiri nikamkuta mpishi akikoroga uji huku machozi yakimtiririka, nami nikatoka nikikohoa baada ya dakika tano. Yeye alibaki humo mpaka jioni. Darasani, saa mbili baadaye, nilifundisha somo la uchafuzi wa hewa kwa mifano ya London.

Basi natoa rai. Shule zetu, zinazopokea kuni kwa malori, ziwe za kwanza kujenga meko yenye bomba la moshi na hewa ya kutosha, kutumia kuni zilizokaushwa vyema, na kuhamia gesi pale mfuko unaporuhusu. Wanafunzi wapime wenyewe: kuni kiasi gani kabla, kiasi gani baada. Tena wapelekwe wakajifunze habari za kituo kilichofunguliwa mwaka 1999 ubavuni mwa Mlima Kenya, kwenye kimo cha mita 3,678, ambako Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hupima hewa ikiwa sehemu ya mtandao wa dunia nzima. Huko wangejua kuwa mchana upepo huiinua hewa ya mabondeni ikapanda mlimani, na usiku hewa safi ya juu ikashuka.

Ila rai hii isigeuzwe fimbo ya kuwachapia maskini, kwa kuwa anayepikia mafiga matatu hakuyachagua kwa kupenda moshi. Wala mataifa tajiri yasijifiche nyuma ya sufuria zetu, maana mzigo mkubwa wa joto hili bado ni gesi zao.

Kwa kijana wa kidato cha tatu, popote ulipo: hatukuiyeyusha sisi barafu ile, na huenda hatutaweza kuiokoa. Lakini moshi ule wa jikoni ni wetu, na ulikuwa wetu hata siku ile kengele ilipolia.