Neno la Mhariri: Swali Litoke Nyumbani

Kijana wa Balangdalalu, hapa wilayani Hanang, akipata nafasi ya kusoma ng'ambo, ukoo mzima huchangia safari yake. Wazazi wake wana haki ya kuuliza: vyuo vyetu vinaposaini mikataba na vyuo vya nje, vinatafuta nini? Mara nyingi hujibiwa kwa idadi ya mikataba na ya wanafunzi wa kigeni. Toleo hili lina jibu jingine: lengo ni kuwaongezea wananchi na wasomi wao uwezo wa kuyachunguza na kuyatatua matatizo yao.

Hanang tumeuona ushirikiano uliokuja na majibu tayari. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Kanada ilisaidia kilimo cha ngano Basotu, na mashamba ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, yakafikia karibu ekari 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, wafugaji waliohamisha mifugo kwa kufuata majira. Ujuzi wao haukuhesabiwa kuwa elimu. Malisho yalikwenda, makaburi ya wazee yakalimwa, na mgogoro ukafika mahakamani.

Jirani zetu wa Mbulu wana habari tofauti. Mwaka 2010, wahudumu wa Hospitali ya Haydom walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga anayeshindwa kupumua. Kwenye mwanasesere wa mazoezi walifanya vizuri, ila wodini mambo hayakubadilika. Watafiti wa Tanzania na Norway hawakuificha kasoro hiyo. Waliitafutia dawa palepale. Kuanzia 2011 mwanasesere akawekwa karibu na wakunga, wakafanya mazoezi ya dakika chache, mara kwa mara, katikati ya kazi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi hai 1,000. Somo hilo la Haydom likachapishwa, dunia ikalisoma.

Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Milango inafunguka. Basi kila mkataba useme wazi: nani ameuliza swali la utafiti, takwimu zitatunzwa wapi, na matokeo yatarudishwaje kijijini, kwa Kiswahili. Chuo kisichoweza kujibu hayo kisisaini.