Mashtaka Yasiyopatana Dhidi ya Tilted Arc

Kila sanamu ya chuma isiyofanana na mtu wala mnyama inaposimamishwa mahali pa watu, hoja zilizoiangusha Tilted Arc, sanamu ya mchongaji Richard Serra, hufufuka. Mmeshazisikia. Leo ninyi ndio mahakimu.

Wapinzani wa sanamu hiyo wanadai kwamba mlipakodi wa Marekani aliuziwa chuma chakavu chenye kutu kwa dola 175,000. Bei ni kweli, na kutu ni kweli. Ila Serra alichagua chuma cha Cor-Ten kwa makusudi: kikilowa na kukauka mara kwa mara hujijengea tabaka la kutu linalokikinga kisiliwe zaidi, ndiyo maana hujengewa hata madaraja yasiyopakwa rangi. Anayelalamikia kutu hiyo analalamikia kinga yenyewe.

Wanadai bamba hilo la chuma liliuziba uwanja wa Federal Plaza, New York. Hoja hii ina uzito. Bamba lenye urefu wa meta 36 na kimo cha meta 3.6, lililosimamishwa mwaka 1981 likiukatiza uwanja, lilimlazimisha mfanyakazi anayewahi ofisini kuzunguka. Ana haki ya kukereka. Lakini tazameni wanavyojikanyaga: mara kitu hiki hakina maana yoyote, mara kinatisha na kimeuteka uwanja mzima. Wachague moja. Kisichosema kitu hakiwezi kumtisha mtu.

Kuna na dai kwamba lilivuta panya. Bamba nene kiasi cha sentimeta 6 halina pango wala jiko. Panya hufuata taka, na taka ni kazi ya mwenye jengo.

Likafuata dai la bomu. Afisa wa usalama alieleza kwamba mlipuko ungeweza kugonga bamba na nguvu yake kurudishwa kwenye majengo. Hofu ya kulinda watu haichekwi. Lakini afisa huyohuyo alikiri kwamba bomu hilo lingehitaji kuwa kubwa kuliko mabomu yaliyokuwa yametumika hadi wakati huo. Kwa kipimo hicho, ni ukuta gani mjini ungesalimika?

Nguzo yao kuu ni kwamba umma ulilikataa. Katika kikao cha kusikiliza maoni ya umma cha Machi 1985 walizungumza watu 180: 122 walitaka libaki, 58 walitaka liondoke. Watatujibu kwa saini 1,300 za waliotaka lihamishwe, na sawa, saini nazo ni sauti. Basi kikao kiliitishwa cha nini? Na kwa nini kiliongozwa na William Diamond, ofisa wa serikali aliyekwishatangaza msimamo wake kabla shahidi wa kwanza hajafungua kinywa? Jopo aliloliteua mwenyewe likapendekeza kwa kura 4 dhidi ya 1 kwamba bamba liondoke. Mshtaki akiteua mahakimu, hukumu haihitaji ushahidi.

Mwisho wanajitetea: hatukuliharibu, tulilihamisha tu. Serra alipima mkunjo na mwinamo wa bamba kwa uwanja ule na si mwingine, akasema wazi kwamba kuliondoa ni kuliangamiza. Usiku wa tarehe 15 Machi 1989 likakatwa vipande vitatu, vikapelekwa kwenye hifadhi ya serikali. Serra alifariki mwaka 2024, na bamba halikuwa limesimamishwa tena mahali popote. Waliosema linahamishwa watuonyeshe lilikohamia.