Mahindi yapimwe ghalani, si mpakani

Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliamuru mahindi kutoka Uganda na Tanzania yasiingizwe nchini kwa sababu ya sumu ya aflatoksini. Siku tano baadaye amri ililegezwa kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na kila shehena iwe na cheti kuonyesha kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Wafanyabiashara wa Busia na Malaba hawajasahau hasara ya siku zile.

Hofu ya Kenya haikuwa ya bure. Mwaka wa 2004 watu 125 walifariki katika eneo la Mashariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Lakini nauliza: kwa nini shehena ipimwe mara ya kwanza ikiwa imeshafika getini? Sumu hutokana na kuvu, na kuvu hupenda nafaka mbichi. Ikishaingia kwenye punje, kuanika tena hakuiondoi, wala moto wa jikoni.

Wanafunzi wa uhandisi hufundishwa kwamba mtambo mzuri hujipima kazi ikiendelea na kujirekebisha. Chukua kikaushio cha nafaka. Kihisi hupima joto na unyevu, kidhibiti hulinganisha na kiwango kilichowekwa, na pakiwa na tofauti, feni huongezwa kasi au moto hupunguzwa. Kisha hupimwa tena. Ndivyo afanyavyo mama anayepika wali: hufunua, hutazama, hupunguza makaa. Kipimo kikichelewa, mtambo huyumba. Joto hupanda kupita kiasi, kisha hushuka kupita kiasi. Mwaka wa 2021 mpaka wetu uliyumba vivyo hivyo, leo umefungwa, kesho umefunguliwa.

Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka wa 2007, kiko papa hapa wilayani Busia, na kina kitivo cha uhandisi kinachofundisha pia usindikaji wa mazao. Nawasihi wakuu wa chuo na vyama vya wafanyabiashara waketi pamoja ili miradi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho ijaribiwe katika maghala ya Busia na Tororo, badala ya kuishia maabarani. Kazi si ndogo. Mahindi huvunwa yakiwa na unyevu wa asilimia 20 au zaidi, ilhali kiwango cha Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5. Mbegu za kupanda zikipashwa zaidi ya nyuzi 43 huenda zisiote. Nao umeme hukatika bila taarifa. Mwanafunzi atakayeyashinda hayo atakuwa mhandisi kweli.

Mfanyabiashara naye asingoje mtambo. Tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi hayo bado ni mabichi, usiyatie guniani.

Kikaushio hakiondoi haja ya cheti. Hata hivyo, mwenye nafaka kavu tangu shambani haendi kupimwa akitetemeka. Sisi tuliosomea uhamishoni Kenya na kurejea Tororo tunajua uchungu wa kubeba karatasi inayoaminiwa upande mmoja na kutiliwa shaka upande wa pili. Ndiyo maana serikali zote mbili hazina budi kukubaliana kwamba kipimo kilichofanywa ghalani kwa vifaa vilivyokaguliwa kitambuliwe ng'ambo zote mbili.

Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018 ili kupunguza foleni. Hakitaweza kufanya hivyo ikiwa shehena mbovu itaendelea kugunduliwa hapo tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu uko ghalani. Wakuu wa chuo, wenye maghala na serikali zetu waanze kabla ya mavuno yajayo.