Shule Yajengwa, Watoto Wamo Ndani

Leo yafaa tuzungumze juu ya kiwanja cha shule. Ukipita vijiji vingi vya Tanzania utaona jambo lile lile: watoto wanasoma katika darasa la zamani, na hatua chache kutoka dirishani pamechimbwa msingi, kokoto zimemwagwa, mafundi wanachanganya zege. Ni jambo la furaha. Lakini furaha hiyo ina kazi yake, na kazi hiyo si ya mwalimu mkuu peke yake.

Sababu ya majengo haya twaijua. Januari 2016 ada ilifutwa mpaka kidato cha nne, na watoto wakajaa madarasani. Mwaka 2021 Serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa kujenga vyumba 15,000 vya madarasa: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi. Kila chumba kilitengewa shilingi milioni 20, na kazi ilifanywa kwa miezi michache tu, ili wanafunzi wa Januari 2022 wapate mahali pa kukaa. Mafundi wengi walikuwa watu wa pale pale kijijini.

Kwa ujenzi wa namna hiyo huundwa kamati tatu. Ya kwanza hununua vifaa, ya pili huvipokea na kuvihesabu, ya tatu husimamia ujenzi. Zimetengwa makusudi, maana anayenunua hafai kujihesabia mwenyewe. Mzazi mmoja ataniuliza: “Bwana karani, mimi sikusoma, nitakagua nini?” Ndugu yangu, kuhesabu mifuko hakuhitaji chuo. Daftari likisema mifuko 100 imefika, ihesabu. Mfuko mmoja ni kilo 50. Uguse pia: saruji iliyoshika unyevu ikawa mabonge magumu haifai tena. Ndiyo maana huwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta.

Sasa tuje kwenye jambo linaloharibu majengo mengi, nalo ni haraka. Sisi tuliozoea nyumba za miti na udongo twadhani zege hupata nguvu likikauka. Sivyo. Udongo hukauka, lakini saruji hushikana kwa maji. Zege likimwagwa leo na kuachwa juani, hukauka kabla ya kushikana, likapasuka na kuwa dhaifu. Hapana budi kulimwagilia maji au kulifunika kwa magunia mabichi kwa muda wa siku 7 hivi, na mafundi huhesabu siku 28 kabla ya kulipima nguvu zake. Lakini maji mengi wakati wa kuchanganya nayo ni hasara: uji mwepesi ni rahisi kumwaga, ila hautoi zege imara. Fundi akiwaambia, “Tupeni siku,” msimwite mvivu.

Na maji hayo atayateka nani? Hapa nasema wazi. Mahali pengine mabinti hutolewa darasani saa za masomo wakabebe ndoo kwa ajili ya ujenzi. Tunamjengea mtoto darasa, kisha tunamtoa humo akalijenge! Wazee na vijana wagawane zamu za alfajiri. Pipa moja likijazwa kabla ya kengele, hakuna mtoto atakayekosa hesabu.

Tena kuna hatari ya uwanja wenyewe. Mtoto hapiti penye shimo bila kuchungulia. Shimo la choo kipya likijaa mvua ni kisima kisicho na kamba. Mbao zilizong'olewa zina misumari, na zege bichi huchoma ngozi ya mguu mtupu. Dawa yake si ghali: ugo wa miti au miiba kati ya mafundi na wanafunzi, mashimo yafunikwe kila jioni, na njia moja tu ya kwenda darasani. Mwalimu aionyeshe njia hiyo, na mzazi airudie nyumbani.

Basi mkutano wa shule ukiitishwa, ulizeni mambo matatu. Vifaa vilivyofika ni vingapi, na vimebaki vingapi? Zege litamwagiliwa na nani, siku ngapi? Watoto wetu watapita wapi? Majibu yaandikwe na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, kila mtu ayasome. Na akina mama msikae nyuma kimya. Ninyi ndio mnaojua ndoo moja ina uzito gani, na mtoto gani anarudi nyumbani na jeraha mguuni.