Mwamuzi Asicheze, Mshindwa Akubali: Funzo la Georgia

Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii hupendwa sana na walioshinda. Kila uchaguzi umalizikapo, aliyetangazwa mshindi humsomea mwenzake methali hiyo na kumtaka arudi nyumbani kimya. Sisi tunaoitetea siasa ya vyama vingi hatuikatai. Tunachouliza ni hiki: nani alizihesabu kura, na wakati mchezo ukichezwa yeye alisimama upande gani?

Swali hilo lilijibiwa mara mbili, kwa namna mbili, katika jimbo la Georgia nchini Marekani. Aliyelijibu ni Bi. Stacey Abrams, aliyekuwa mbunge wa jimbo hilo kwa zaidi ya miaka kumi, kisha akawania ugavana mwaka 2018 na tena mwaka 2022. Mara zote mbili alishindwa. Mara ya kwanza alikataa kuuita uchaguzi ule wa haki. Mara ya pili alikiri kushindwa usiku ule ule. Wako wanaomwona kigeugeu. Sisi twasema kwamba katika tofauti ya siku hizo mbili kuna funzo ambalo kila mpenda mageuzi angepaswa kulitafakari.

Bi. Abrams alizaliwa mwaka 1973, akalelewa Gulfport katika jimbo la Mississippi, mtoto wa pili kati ya sita. Wazazi wake baadaye walikuwa wahubiri wa Kimethodisti, na familia ikahamia Atlanta. Mwaka 1991, kwa kuwa aliongoza darasa lake katika shule ya sekondari, alialikwa pamoja na vijana wengine bora kwenye makao ya gavana. Anavyosimulia mwenyewe, walifika kwa basi yeye na wazazi wake, na mlinzi wa lango akawaambia kwamba hapo si mahali pao. Mwishowe waliingia. Ila anasema kwamba kilichobaki moyoni mwake siku ile ni lango, wala si karamu. Huo ulikuwa mwaka ule ule ambao huku kwetu kifungu cha 2A kilifutwa na lango la vyama vingi likafunguliwa.

Alisoma chuo cha Spelman, kisha Chuo Kikuu cha Texas, kisha sheria katika Yale, akawa mwanasheria wa kodi. Mwaka 2006 alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Georgia, lenye viti 180. Chama chake, Democratic, kilikuwa kimekwisha kupoteza wingi katika baraza hilo. Baada ya uchaguzi wa 2010 wenzake walimfanya kiongozi wa wachache. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chama katika bunge la jimbo hilo, na Mweusi wa kwanza kuongoza katika Baraza la Wawakilishi.

Kuongoza wachache bungeni ni kazi isiyo na tarumbeta. Hauna kura za kupitisha unachotaka, na mara nyingi hauna za kuzuia usichotaka. Kinachobaki ni kusoma miswada kuliko wenye wingi. Mwaka 2011 ulipoletwa muswada wa kubadili kodi, Bi. Abrams alipiga hesabu, akaonyesha kwamba watu wengi wa Georgia wangelipa zaidi, akaweka nakala ya uchambuzi wake juu ya meza ya kila mbunge. Muswada ule haukufaulu. Mwaka huo huo alishirikiana na serikali ya Gavana Nathan Deal, wa chama cha Republican, katika kuurekebisha mpango wa HOPE wa kuwafadhili wanafunzi. Baadhi ya watu wa chama chake hawakumsamehe kwa hilo, na mwaka 2018 mpinzani wake katika kura ya mchujo, Bi. Stacey Evans, alimkumbusha jambo hilo hadharani. Upinzani wenye maana hujua wakati wa kupinga na wakati wa kukaa mezani, nao hulipa gharama ya vyote viwili.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa nje ya bunge. Aligundua jambo ambalo wapinzani wengi hawataki kuligundua: kwamba chama chake hakikushindwa kwa sababu ya maneno tu, bali kwa sababu maelfu kwa maelfu ya raia hawakuwamo katika daftari la wapigakura. Mwaka 2013 alianzisha shirika la New Georgia Project ili kuwaandikisha. Mwaka uliofuata ofisi ya jimbo inayosimamia uchaguzi ilianzisha uchunguzi juu ya shirika hilo. Mkuu wa ofisi hiyo, anayeitwa Katibu wa Jimbo, alikuwa Bw. Brian Kemp wa chama cha Republican.

Hapa ndipo kisa kinapokaza. Mwaka 2018 Bi. Abrams alishinda mchujo wa chama chake, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuteuliwa na chama kikuu kuwania ugavana wa jimbo lolote la Marekani. Mpinzani wake alikuwa nani? Alikuwa huyo huyo Bw. Kemp. Naye hakuiacha ofisi yake. Mtu mmoja alikuwa mgombea na wakati huo huo msimamizi wa daftari na wa uchaguzi ambao jina lake lilikuwa katika karatasi zake za kura. Wahenga wana neno lao kwa jambo kama hilo: kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Tuwe waadilifu. Bw. Kemp hakuvunja sheria yoyote kwa kubaki, kwani sheria ya Georgia haikumlazimisha kuondoka. Wala jambo hili si la chama kimoja. Bi. Cathy Cox wa Democratic aliwania uteuzi wa ugavana mwaka 2006 akiwa angali Katibu wa Jimbo. Bi. Karen Handel wa Republican, alipoutaka ugavana, alijiuzulu kabla ya mwaka wa uchaguzi wa 2010 kuanza. Njia zote mbili zilikuwa halali. Moja tu ilikuwa na staha.

Matokeo ya kukosa staha ni kwamba kila hatua ya ofisi hutiliwa shaka, iwe njema au mbaya. Mwezi wa Julai mwaka 2017 zaidi ya majina nusu milioni yalifutwa katika daftari kwa siku moja. Mwezi wa Oktoba mwaka 2018 ikajulikana kwamba maombi takriban 53,000 ya uandikishaji yalikuwa yamesimamishwa, mengi kwa sababu ya tofauti ndogo za maandishi kati ya fomu na kumbukumbu za serikali, na karibu asilimia 70 yalikuwa ya watu Weusi. Ofisi ilijibu kwamba majina yalifutwa kwa mujibu wa sheria, na kwamba wale 53,000 wangeweza kupiga kura wakionyesha vitambulisho. Huenda majibu hayo yangetosha kama yangetoka kinywani mwa mtu asiyekuwa na haja na kura hizo. Yalitoka kwa mgombea.

Mmoja wa waliolisema hilo wazi alikuwa Rais wa zamani Jimmy Carter, mwenyeji wa Georgia. Mwezi huo wa Oktoba, akiwa na umri wa miaka 94, alimwandikia Bw. Kemp akimwomba aiache ofisi. Carter alijua alichokisema. Mwaka 1962 aliwania useneta wa jimbo hilo hilo, akakuta katika wilaya ya Quitman bwana mkubwa wa mahali akiwatazama watu wakipiga kura na sanduku likijazwa, akaenda mahakamani na haki yake ikarudi. Yeye pia alitoka katika bunge la jimbo akawania ugavana, akashindwa mwaka 1966 na kushinda mwaka 1970. Wakenya waliwaona waangalizi wa kituo chake katika chaguzi zetu za mwaka 2013 na 2017. Neno alilomwambia Kemp halikutofautiana na neno ambalo watu wake walilileta kwetu: imani ya aliyeshindwa ni sehemu ya uchaguzi.

Bw. Kemp alijiuzulu tarehe 8 Novemba 2018, siku mbili baada ya kura kupigwa. Hesabu ya mwisho ilimpa kura 1,978,408 na Bi. Abrams kura 1,923,685. Sheria ya Georgia inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu, la sivyo duru ya pili ifanywe, Bw. Kemp aliipita nusu kwa kura zisizofika 9,000. Tarehe 16 Novemba Bi. Abrams alisitisha kampeni yake. Alikubali kwamba mpinzani wake ndiye atakayeidhinishwa kuwa gavana, lakini akatamka kwamba hotuba yake si ya kukiri kushindwa.

Je, aliibiwa? Sisi hatusemi hivyo, wala hakuna mahakama iliyosema hivyo. Shirika lake la Fair Fight Action lilifungua kesi, na tarehe 30 Septemba 2022 Jaji Steve Jones aliamua kwamba madai yaliyokuwa yamebaki hayakuthibitisha uvunjaji wa Katiba wala wa Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Uamuzi wa mahakama huheshimiwa hata unapouma. Tunachosema ni kwamba mtu hawezi kumhukumu mshindwa kwa kutoamini hesabu iliyoandaliwa na mshindani wake mwenyewe.

Na tazama alichokifanya baada ya hapo. Hakukimbilia msituni wala hakuwatuma vijana barabarani. Alirudi katika kazi ya daftari. Mwaka 2014 mgombea ugavana wa chama chake, Jason Carter, mjukuu wa Rais Carter, alipata kura 1,144,794, Bi. Abrams mwaka 2018 alizidisha idadi hiyo kwa karibu 780,000. Mwaka 2020 Georgia ilimpa Joe Biden ushindi kwa kura 11,779, na mwezi wa Januari mwaka 2021 viti vyote viwili vya useneta vikaenda kwa Democratic. Wengi waliifanya kazi hiyo pamoja naye.

Kisha ukaja mtihani wa pili. Katibu wa Jimbo alikuwa sasa Bw. Brad Raffensperger, naye wa Republican. Tarehe 2 Januari 2021 Rais Donald Trump, mtu wa chama chake, alimpigia simu akimtaka amtafutie kura 11,780. Raffensperger alikataa. Kura za urais zilikuwa zimehesabiwa mara tatu na matokeo hayakugeuka. Mwezi wa Machi mwaka huo wabunge wa jimbo walipitisha sheria iliyomwondoa Katibu katika uenyekiti wa Bodi ya Uchaguzi ya Jimbo, na mwenyekiti akawa wa kuchaguliwa na bunge lenyewe. Kumtoa mgombea katika kiti cha mwamuzi ni mageuzi. Kumpunguzia madaraka mwamuzi baada ya kuikataa amri ya mkubwa ni jambo jingine.

Mwezi wa Novemba mwaka 2022 Abrams na Kemp walikutana tena. Safari hii Kemp hakuishika daftari. Alishinda kwa karibu kura 298,000, na Bi. Abrams akakiri kushindwa usiku huo huo. Hapa methali ya wahenga ilitimia, kwa sababu aliyeshindwa alikuwa ameshindwa na mshindani, si na hakimu.

Liko pia funzo chungu kwa upande wetu. Mwezi wa Januari mwaka 2025 New Georgia Project na tawi lake la siasa vilikiri kwamba mwaka 2018 havikutangaza michango na matumizi yaliyomsaidia Bi. Abrams na wagombea wengine, vikakubali kulipa faini ya dola 300,000. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha uongozi wa shirika hilo mwaka 2017. Hata hivyo, anayedai uchaguzi safi na afue nguo zake kwanza. Hatuwezi kumtaka mwamuzi aoneshe mikono yake na sisi tukificha vitabu vyetu vya fedha.

Nchi hii haihitaji kufundishwa maana ya haya yote. Wako miongoni mwetu walioshuhudia mlolongo wa mwaka 1988, mstari mrefu ukitangazwa mfupi mchana kweupe. Kwa ajili ya kumbukumbu hiyo Katiba ya mwaka 2010 iliweka kizuizi ambacho Georgia haikuwa nacho: kwamba aliyekuwa kamishna wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka hawezi kuwania ubunge wala ugavana mpaka miaka mitano ipite. Kizuizi hicho hakikuanguka kutoka mbinguni. Kililipiwa.

Basi tunawaomba wasomaji wetu wayashike mambo mawili, wasiyatenganishe. La kwanza ni kudai, bila kuchoka na bila kujali chama, kwamba anayehesabu kura asiwe na kura za kutafuta. La pili ni kwamba siku tutakapoyapata hayo, na bado tukashindwa, tuwe na ujasiri wa kusema usiku ule ule: tumeshindwa, twendeni tukaandikishe wapigakura. Anayetaka la kwanza bila la pili hataki mageuzi. Anataka zamu yake.