Serahangi Si Kivuli cha Nahodha

Imeenea miongoni mwa wenye makampuni, na Kismayu haikusalimika, itikadi ya kwamba naibu mwema ni yule amfuataye mkuu wake kama kivuli, asiyenena ila akisemeshwa, wala asiyekhalifu rai ya bwana wake abadan. Na wakitakwa dalili hukutolea methali, kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali ni ya haki, walakini hawakuifahamu. Iliyemkataza ni nahodha wa pili. Serahangi haikumgusa, na jahazi la maana lisafirilo bila ya serahangi mimi sijapata kuliona.

Mwenye shaka na akitazame chombo kitokacho Kismayu kwenda Lamu wakati wa kaskazi, kikipenya baina ya bara na visiwa vyetu, Koyama, Chovai na Chula, ambako miamba ya matumbawe imejipanga sambamba na pwani. Nahodha yuko tezi, karibu na usukani, na mbele yake limetanda tanga zima, hata maji ya omo hayaoni. Serahangi ndiye aliye omo, bildi mkononi, akiita pima: tano, nne, tatu. Je, anyamaze kwa adabu? Adabu hiyo itadhihirika mwambani, makanda ya tende za watu yakielea. Na katika kampuni vivyo hivyo: mkuu ameketi na wageni, na naibu ndiye aijuaye ghala ilivyo tupu na wadai walivyojaa barazani.

Hatari ya naibu haimo ulimini mwake. Imo katika kuwa na mabwana wawili. Lloyd Mathews alifanywa Waziri wa Kwanza wa Unguja mwaka 1891, zama ambazo Kismayu ilihesabiwa katika milki ya Sultani, na Sultani huyo hakuwa na uwezo wa kumuuzulu, kwani waziri alimtazama Balozi wa Kiingereza. Naibu wa namna hiyo hata akiwa bubu ni wa kuogopwa.

Wala sisemi naibu abishane na mkuu wake mbele ya watu. Pima huitwa kabla ya mwamba. Nahodha akishaamrisha chombo kibishe, maneno yamekwisha, na yule yule aliyemkhalifu ndiye utakayemwona wa kwanza kuikamata demani, akiwahimiza mabaharia kwa sauti ile ile aliyoitia pima.